Kumzeesha Bi Mkubwa

Nyumbani walimwita Nusu. Jina alipewa na mjomba wake akiwa na miaka kumi na moja, siku alipoanza kupaka chokaa ukuta wa uani akaishia dirishani, na ukuta ule mpaka leo ni mweupe kushoto na kijivu kulia. Shule aliachia kidato cha pili, katikati ya muhula, katikati ya wiki, na mama yake huapa kwamba ilikuwa katikati ya kipindi. Akauza vifuniko vya simu miezi mitatu. Akaenda kwa kinyozi, na huko ndiko alikovunja rekodi yake mwenyewe: alimwacha mteja amenyolewa upande mmoja, akatoka nje kuangalia gari la matangazo lililokuwa likipita na muziki, akalifuata mtaa wa pili, wa tatu, akarudi saa kumi jioni. Kinyozi hakumfokea. Alimkabidhi koti lake tu.

Shangazi yake bado analalia kitanda alichotengenezewa na Nusu. Kina miguu mitatu na matofali mawili.

Sasa baba yake alikuwa kinyume chake kabisa. Huyo alikuwa fundi wa vanishi, miaka arobaini anapaka makabati, milango na vitanda vya watu, mpaka mgongo ulipogoma akamwachia mwanawe kibanda cha bati nyuma ya nyumba pamoja na vifaa vyote. Hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa mtu wa kumalizia. Nusu akiacha stuli haina mguu, asubuhi mguu upo. Akiacha banda la kuku halina paa, jioni kuku wamelala pakavu. Mzee hasemi kitu, anapita zake na kikombe chake cha chai, na ukimya huo ulimkera Nusu kuliko matusi.

Kitu kimoja tu hakuwahi kukiacha: magita. Kupiga hajui sana, nyimbo tatu na nusu, lakini kuyatengeneza alijifundisha mwenyewe kwa kufungua na kufunga magita mabovu. Alishatengeneza mawili mazima ya umeme. La kwanza lilikuwa linalia kama nzi kwenye chupa. La pili alilichukua kijana mmoja wa bendi za harusi, na kijana huyo hakurudi kulalamika, maana yake lilikuwa zuri.

Ni hilo la pili lililomleta Mzee Solo.

Mzee Solo hakuhitaji kujitambulisha. Huyu ndiye mpiga gita la solo wa ile bendi ambayo hata watoto wa juzi wanaziimba nyimbo zake bila kujua ni za babu zao. Na gita lake lilikuwa maarufu kuliko yeye. Lilikuwa jekundu zamani. Sasa nusu ya wekundu ilikuwa imeliwa, kuna mahali pa njano, kuna mahali mbao iko uchi, na kila mtu mjini alilijua kwa jina: Bi Mkubwa. Watu walikuwa wanakuja kwenye maonyesho wanauliza kwanza, "Bi Mkubwa yupo?" ndipo wanalipa kiingilio.

"Wewe ndiye Nusu?" mzee akauliza mlangoni.

"Ndiye mimi. Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Natumaini magita unatengeneza mazima."

"Hayo ndiyo mazima peke yake, mzee. Mengine yote ni kweli unayosikia."

Mzee Solo akacheka, akakaa kwenye gogo, akaeleza shida yake. Bi Mkubwa anaumwa. Shingo imepinda, mbao kwa ndani imekuwa unga, ukikaza nyuzi unasikia inalalamika. Amejaribu kupiga magita mapya, lakini watu ukumbini wanapiga kelele wanamtaka bibi yao. Na hata wasingepiga kelele, mkono wake wenyewe unakataa. Pale kiwiko kinapolala pamechimbika miaka yote hiyo, pamekuwa kitanda chake. Juu ya gita jipya mkono unateleza kama mtu aliyelala kwenye kochi la plastiki.

"Nataka pacha wake," akasema. "Si alivyokuwa amezaliwa. Alivyo leo. Makovu yote. Zile sumaku za sauti zilizo chini ya nyuzi tutamtoa yeye tumvalishe huyo mpya, ili sauti ibaki yake. Kuna onyesho kubwa baada ya wiki sita, Jumamosi alasiri. Bendi inatimiza miaka arobaini. Utaweza?"

Nusu akasema ataweza. Alisema kwa kujiamini kiasi kwamba yeye mwenyewe alijishangaa. Mzee Solo alipoondoka, mama yake, aliyekuja kuanua nguo akasikia mwisho wa mazungumzo tu, akasema, "Mwanangu, huyo si mteja wa kinyozi. Huyo ukimwacha upande mmoja, mji mzima utajua."

Nusu alilijua hilo. Akilikosa hili, atabaki Nusu mpaka wamwandike hivyo kwenye kaburi.

Basi akaenda nyumbani kwa Mzee Solo na karatasi za kuchorea, rula na daftari la mazoezi la kurasa themanini. Siku nne mfululizo alikaa sebuleni akimchora Bi Mkubwa mbele, nyuma, ubavuni. Kila jeraha alilipa namba. Yalifika arobaini na moja. Na kwa kila namba Mzee Solo alikuwa na maelezo. Namba tatu, kovu la sigara kichwani: alikuwa anaichomeka kati ya nyuzi wakati wa kupiga, siku moja akanogewa akaisahau. Namba kumi na saba, mgongoni, mikwaruzo kama kuku amechakura: kibati cha mkanda wa suruali. Namba ishirini na mbili, pembe iliyomeguka: hapo mpiga besi alimwangusha jukwaani, na mpaka leo anasema ni upepo.

"Ukumbini mlikuwa na upepo?" Nusu akauliza.

"Ndani ya jengo, mwanangu. Milango imefungwa."

Yote yaliingia daftarini, kwa mwandiko wa kuku lakini yaliingia, mpaka ukurasa wa sitini na kitu. Halafu akarudi kibandani. Akatafuta mbao kavu, akaipata kwenye meza ya zamani iliyovunjwa ofisi fulani. Akakata umbo, akachonga shingo, akapanga vyuma vya vidole shingoni kimoja kimoja huku akipima mara tatu tatu. Akapaka njano, juu yake nyekundu. Wiki ya tano gita likasimama, zuri, jekundu, changa. Sasa ikabaki kulizeesha.

Akachukua msasa akaanza kazi. Pale pa kiwiko akakwangua mpaka mbao ikatokea. Pembe akaimegua kwa patasi. Mgongoni akapiga mikwaruzo kwa msumari, anahesabu kwenye daftari, anakwaruza, anahesabu. Jumatatu ya wiki ya sita alikuwa amefika jeraha la thelathini na tano, na kwa macho yake ilikuwa kazi safi. Vikabaki vidogo vidogo, na vile vifaa vya kukazia nyuzi, ambavyo vya aina ile vilipatikana mji wa jirani tu. Jumanne asubuhi akapanda basi. Gita akaliacha juu ya meza ya kazi, amelifunika gunia. Daftari akaenda nalo.

Hakumuaga baba yake. Alimwambia mama, na mama alisahau.

Alhamisi mchana akarudi. Kabla hajafika kibandani akasikia kitu ambacho hakukisikia mwaka mzima: baba yake anaimba. Kwa pua, bila maneno, lakini anaimba. Mzee alikuwa amekaa kwenye stuli mlangoni, mikono imekuwa ya kahawia mpaka viwiko, brashi tatu zimelowekwa kwenye kopo.

"Umerudi," baba akasema. "Ingia uone. Nimekumalizia."

Nusu akaingia.

Gita lilikuwa limelala juu ya meza kwenye kitambaa cheupe, linang'aa kama jeneza la tajiri. Pale pa kiwiko pamejazwa unga wa mbao na gundi, pakalainishwa, pakapakwa rangi upya. Ile pembe iliyomeguka imeota tena. Mikwaruzo ya mgongoni, hakuna. Na juu ya yote mzee alikuwa amepaka vanishi ya spiriti, tabaka juu ya tabaka, ile anayoisugua kwa kitambaa mpaka unaweza kunyolea ndevu mbele yake. Nusu aliuona uso wake mwenyewe kwenye tumbo la gita. Macho yalikuwa yamemtoka.

"Nilikuta umeliacha katikati," baba akasema nyuma yake, kwa upole kabisa. "Nikasema, si vibaya. Mtoto amefika mbali safari hii. Nimalizie kidogo tu."

"Hajala mchana siku mbili," mama akasema kutoka jikoni, kama mtu anayesifu. "Mgongo wenyewe kausahau."

Nusu akaweka mfuko wa vifaa mezani, akatoka, akashika njia.

Hivi ndivyo alivyokuwa akifanya siku zote. Kitu kikimshinda, miguu inaondoka, yeye anafuata. Alipita sokoni, akapita stendi, akaangalia basi moja linalojaza abiria, akafikiria jinsi ilivyo rahisi. Mwisho akajikuta kwa kinyozi, yule yule, ambaye siku hizi walikuwa wanasalimiana kwa utani.

"Karibu, mkimbizi," kinyozi akasema. "Lile gita la Mzee Solo limefika wapi? Mtaa mzima umeshakata tiketi."

Nusu akataka kusema nimeliacha. Neno alilizoea, lilikuwa limeshakaa kwenye ulimi kama pipi. Lakini safari hii lilikuwa la uongo. Hakuwa ameliacha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa hajaacha kitu, na baba yake mzazi alimwona ameacha.

"Limekwisha mapema mno," akasema, akageuza.

Baba yake alikuwa bado mlangoni, ila hakuwa anaimba tena.

"Baba, kaa. Nataka kukwambia kitu, usikasirike."

"Nimeshakaa."

"Lile gita lilikuwa hivyo makusudi."

"Hivyo vipi?"

"Lile la kuchubuka. Ndilo lililoagizwa. Mzee Solo anataka lililochakaa, sawasawa na la kwake."

Baba akaitazama mikono yake ya kahawia. "Mtu mzima, na akili zake, anaagiza kitu kipya kibovu?"

"Ndiyo."

"Na wewe ukakubali."

"Ndiyo, baba."

"Miaka arobaini," mzee akasema, akiongea na kopo la brashi, "miaka arobaini watu wananiletea vitu wananiambia fundi, toa kovu hili. Leo wanayaagiza."

Nusu akampa daftari. Mzee akatafuta miwani yake, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma. Akafungua wa pili. Nusu akasubiri afike wa tatu afunge, kwa sababu madaftari yake yote ya shule yaliishia wa tatu. Mzee akaendelea. Alisoma la sigara, la kibati cha mkanda, la upepo ndani ya ukumbi uliofungwa, akaguna hapo kidogo. Alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akarudi nyuma akaangalia michoro, akalilaza mapajani.

"Hii umeandika wewe? Yote?"

"Mimi."

"Basi nimekukosea," baba akasema. Akavua miwani. "Lakini na wewe umekosea, na kosa lako ndilo lililoleta langu. Mimi kitu kilichochakaa nakijua hata gizani. Ningekuta gita limechakaa nisingeligusa, ningesema hili la mtu, limekuja na umri wake. Lile halikuwa limechakaa. Lilikuwa limepigwa msasa."

Nusu akalitupia macho gita. "Si ni kitu kilekile?"

"Ungemdanganya mtu wa mwisho kabisa ukumbini. Mzee Solo angelishika mara moja angelirudisha." Mzee akainuka, mkono kiunoni, akaingia kibandani. "Msasa unakula kila kitu kwa pamoja, kama mwenye njaa. Mkono wa mtu unakula pole pole. Kwanza vanishi, miaka. Halafu rangi, miaka. Halafu ndipo mbao. Kila kimoja kinaacha ukingo wake, mlaini. Wewe ulikuwa huna hata vanishi ya kuchakaa, uliruka darasa. Na mbao uliyoitoa ilikuwa nyeupe kama jino la mtoto. Mbao iliyokaa na jasho inakuwa kama kisigino."

Akagusa gita lake linalong'aa kwa ncha ya kidole. "Sasa vanishi unayo. Nzuri. Ya zamani, kama waliyopaka waliotengeneza lile la Mzee Solo. Tuna siku ngapi?"

"Kesho, na asubuhi ya kesho kutwa."

"Lete suruali kuukuu ya jinzi."

Wakaanza saa ileile. Kitambaa cha jinzi, spiriti kidogo, kusugua kwa mwendo wa kiwiko, si kwa mwendo wa fundi. Vanishi ikawa inalainika, inaondoka kwa ngozi nyembamba nyembamba, wekundu ukaanza kufifia, njano ikachungulia kama alfajiri. Ukingo ulikuwa mlaini kweli. Nusu akauona, akaendelea kusugua. Kwenye mbao wakapaka majani ya chai yaliyochemka mpaka yakawa meusi, wakapaka jasho lao wenyewe, ambalo halikuwa haba.

Shida ilikuwa moja. Baba hakuweza kuangalia. Maelekezo alitoa vizuri, lakini ikifika kukwaruza, mkono wake ulikuwa unakwenda wenyewe kulifuta jeraha. Mara mbili Nusu alimkuta anapiga polishi mahali walipotoka kuharibu. Mwishowe mzee akageuza stuli, akakaa ameelekea ukutani.

"Sasa kibati cha mkanda," akasema. "Usiburuze. Gonga na kuvuta, kama mtu anayecheza. Na usiniambie unafika wapi."

"Nimefika mkwaruzo wa kumi na moja."

"Nimesema usiniambie."

Kovu la sigara lilitaka sigara ya kweli. Msumari wa moto, mzee alisema, unachoma duara la kipumbavu. Baba alikuwa ameacha kuvuta miaka kumi na tano. Nusu hajawahi. Ijumaa alasiri mama akatokea mlangoni na sahani mbili za chakula akamkuta mumewe na sigara mdomoni.

"Ni kazi hii," mzee akasema haraka.

"Naona," mama akasema. "Kazi mbona unaivuta?"

"Lazima moto ukolee."

"Umekolea. Choma, uzime."

Jumamosi asubuhi majeraha yote arobaini na moja yalikuwa yamekaa mahali pake. Mzee Solo akaja na Bi Mkubwa kwenye sanduku lake. Nusu akazitoa sumaku kwa bibi akamvalisha mjukuu, akachomelea nyaya, akafunga nyuzi. Baba alisimama pembeni kama mtu aliyepita njia tu.

Mzee Solo hakuliangalia. Alilivaa, akafumba macho, akalaza mkono. Kiwiko kikashuka mahali pake. Kidole gumba kikapanda nyuma ya shingo, kikashuka, kikapanda. Akapiga kipande kimoja kifupi, cha chini, akasimama. Mkono ukaanza kutembea kwenye gita peke yake, unakagua, ukipita kwenye makovu moja moja kama mtu anayehesabu wanawe. Ukafika chini, karibu na kitufe cha mkanda wa begani. Ukasimama.

"Hapa?" akasema. "Hapa palichubuka. Namba thelathini na nane au tisa, sikumbuki."

Nusu akainama akaona. Palikuwa pamechubuliwa jana, kwa mkono wake mwenyewe. Leo panang'aa, pakubwa kama kiberiti. Akamgeukia baba yake.

"Nilipita hapo alfajiri," baba akasema, akiangalia dari ya bati. "Mkono uliniponyoka."

Mzee Solo akafumbua macho, akapaangalia pale panapong'aa, akaona pua yake mwenyewe. "Vanishi ya zamani hii. Sijaiona tangu nilipolinunua lile." Akafikiri. "Basi paacheni. Hapo nitapachakaza mwenyewe. Na mimi nipate kazi." Halafu akauliza, "Nani hasa aliyelitengeneza? Wewe au mwanao?"

"Mwanangu," baba akasema. "Mimi nilimharibia tu mara mbili."

Alasiri wakakaa ukumbini safu ya saba, baba, mama na Nusu. Mzee Solo alipotokea na gita kifuani, watu wakasimama wakaita Bi Mkubwa, Bi Mkubwa, na jamaa mmoja mwenye kofia, aliyekaa jirani na baba, akafuta machozi kabisa.

"Mzee, unaliona gita lile?" akamwambia baba. "Lile lina umri mkubwa kuliko mimi."

"Lina wiki sita," baba akasema.

Jamaa akacheka kwa heshima. "Mzee wangu, mambo ya magita achana nayo. Mimi nimelifuata lile tangu sijaoa. Pale pa kiwiko unapaona? Pale ni miaka arobaini ya mkono wa mtu. Huwezi kutengeneza kitu kama kile."

"Mwanangu kalitengeneza. Tangu mwanzo mpaka mwisho. Nina daftari lake hapa."

"Sawa, mzee."

"Kurasa sitini na saba. Fungua usome."

"Nimekubali, mzee, tusikilize muziki."

Baba alikuwa ameshasimama, daftari mkononi, anatafuta mtu mwingine wa kumwonyesha. Mama akawa anamvuta shati, na yule jamaa akamwinamia Nusu akamuuliza pole pole, "Huyu mzee wenu hajambo kweli?"

Nusu alikuwa anaangalia jukwaani, mkono wa Mzee Solo ulipolala.

"Hajambo," akasema. "Muache aongee. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akinisifu."